Mambo Arobaini Kabla Sijafa

Kambi ya Barafu, kusini mwa Kibo, zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari. Kunakucha. Wageni waliondoka saa sita usiku, kila mmoja na taa yake pajini. Kambini wamebaki DAFTARI lenye jalada la ngozi, lililosahauliwa juu ya begi la kulalia. CHOO cha plastiki cha kubebwa, kilichosimama ndani ya kihema chake hatua chache kutoka hapo. Na KUNGURU wa shingo nyeupe, ambaye hakualikwa na mtu lakini hakosi.

DAFTARI: Leo ndiyo leo! Saa hizi bosi wangu anakaribia mita 5,895. Akirudi natiwa alama ya vema kwenye namba moja, zinabaki thelathini na tisa.

CHOO: Umeamkaje?

DAFTARI: Unanisemesha mimi?

CHOO: Tumetoka wote getini Machame, tumelala jirani kila kambi, hujanisalimu hata siku moja.

DAFTARI: Nimsalimu nani? Wewe si choo?

CHOO: Ndimi. Na bosi wako tangu tuanze safari amenifungua mimi mara nyingi kuliko alivyokufungua wewe.

KUNGURU: Shahidi nipo. Pale Shira alitoka mbio, zipu ikakwama.

DAFTARI: Nyie hamwezi kuelewa. Mimi nimebeba ndoto. Jalada limeandikwa kwa wino wa dhahabu: "Mambo Arobaini Kabla Sijafa". Namba moja, Kilimanjaro. Namba mbili, kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege kule Dubai, juu ya kile kisiwa cha umbo la mtende. Namba tatu, kujirusha na kamba miguuni kutoka daraja la Victoria Falls, mita 111 kwenda chini. Namba nne, Machu Picchu. Namba tano, kukimbizwa na fahali mitaani Pamplona, Hispania, mwezi wa saba. Namba sita, kushushwa baharini Afrika Kusini ndani ya kizimba, papa mweupe anazunguka nje. Namba saba...

CHOO: Hapo hapo. Anapanda ndege kwenda kukimbizwa na ng'ombe?

DAFTARI: Fahali. Ni mila yao ya miaka mingi.

CHOO: Hapo chini Boma Ng'ombe, dume akikata kamba siku ya mnada watu wanakimbia bure, na vumbi wanapewa. Na huyo papa! Mvuvi wa Kilwa anamtafuta papa usiku kucha na mtumbwi unaovuja, akimpata anamfanya ng'onda, watoto wanalipiwa ada. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

KUNGURU: Mimi ng'onda naipenda. Wageni hawaji nayo. Wanakuja na zile baa za shayiri, kavu, utadhani umemeza kifusi.

CHOO: Haya mambo arobaini nani kamfundisha?

DAFTARI: Wako wengi wanaohamasisha. Lakini iliyoyavumisha duniani ni filamu ya Marekani ya mwaka 2007. Jack Nicholson na Morgan Freeman, wagonjwa wawili wa saratani, wanatoka hospitali wanakwenda kuzunguka dunia kabla hawajafa. Piramidi, Taj Mahal, Ukuta wa China, kote.

CHOO: Sawa. Wale walikuwa wanakufa. Huyu wako anaumwa nini?

DAFTARI: Haumwi chochote! Ana miaka thelathini na minne, kazi nzuri Dar es Salaam, kitambi kidogo tu.

CHOO: Na hela za kuja huku?

DAFTARI: (Kimya kidogo.) Alikopa SACCOS ya kazini.

KUNGURU: Si ulisema haumwi?

CHOO: Na kwenye fomu ya mkopo, pale penye "madhumuni", aliandika nini? Usinifiche. Rasimu ya fomu iliandikwa ukurasa wako wa mwisho, na wewe umelala wazi.

DAFTARI: Aliandika "kumalizia paa".

KUNGURU: Paa la Afrika amelipata!

CHOO: Nyumba iko Kibamba, kuta zimesimama mvua ya tatu hii, mpapai umeota sebuleni. Halafu anakuja hapa, hifadhi peke yake inamtoza mgeni wa nje dola 70 kila siku ya kuwa humu, na yeye kwa kuwa Mtanzania analipa kiingilio cha chini sana, basi lile punguzo kalila kwenye koti la rangi ya machungwa ambalo Dar es Salaam hatalivaa hadi anaingia kaburini. Labda alilalie.

DAFTARI: Punguza sauti. Hii ni safari ya ujasiri. Mtu anajipima nafsi, anajua kikomo chake.

CHOO: Ujasiri naujua mimi kwa upande wa pili. Nikueleze? Alinikalia mkurugenzi mmoja, sauti nzito, redioni kila wiki. Usiku wa manane pale Karanga alikuwa anamwita mama yake. Akaja mkimbiaji wa mbio ndefu, nishani tele, akanishika pembeni kwa mikono miwili kana kwamba nataka kutoroka. Akaja mhamasishaji wa vijana, yule wa "amka uishi", akalala usingizi juu yangu, mwongozaji akaja kugonga kihema akidhani kafa. Akaja wakili akataka kunishitaki kwa kuwa nimeinama upande. Wakaja maharusi, wa kike yuko ndani, wa kiume yuko nje anamhesabia dakika. Akaja mwingine...

KUNGURU: Mzee, inatosha.

CHOO: Kuna wa kutoka Arusha bado.

KUNGURU: Inatosha, mzee wangu. Tumeelewa.

CHOO: Siwacheki kwa kuumwa. Kileleni shinikizo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani; mapafu ya Upanga yanapata nusu ya oksijeni yaliyoizoea. Kichwa kinagonga, tumbo linageuka. Asiyeumwa ana bahati. Ninachouliza mimi ni hiki: anayekunja mahema yote haya, akaniosha mimi, akaniweka kichwani, akampita bosi wako njiani huku bosi anapumzika kwa mara ya kumi, akafika kambini kwanza ili bosi akute uji unachemka, huyo amejipima nini?

DAFTARI: Huyo si ni mpagazi. Ndiyo kazi yake.

CHOO: Mgumu. Wenyewe wanaitana wagumu. Wageni wako wanne. Ukiwajumlisha wagumu, mpishi na waongozaji, wanaowahudumia ni kumi na sita. Sheria ya hifadhi inasema mgumu asizidishe kilo 20, na getini kuna mzani. Wa kwangu alipimwa mbele yako, kilo 20 kamili, mhifadhi akaandika. Tulipoingia msituni, kona ya pili, kampuni iliyotuleta ikamwongezea gesi na viti viwili vya kukunja. Mzani hautembei.

KUNGURU: Viti! Mtu kaja kupambana na mlima, na kiti chenye tundu la kuwekea kikombe.

CHOO: Pale Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, upo tangu 2003. Unawaazima makoti na viatu bila malipo, maana wako wanaopanda na raba zilizoisha soli. Unafuatilia pia kampuni ipi inalipa sawasawa na ipi inamwambia mtu "utaona kwenye tipu". Hilo swali, kwamba wanaokubebea wanalala wapi na wanalipwaje, liko kwenye mambo arobaini? Fungua. Namba ngapi?

DAFTARI: Namba ishirini na mbili kuna "kurudisha kwa jamii".

CHOO: Kurudisha nini?

DAFTARI: Haijafafanuliwa. Ni picha na watoto.

(Upepo. Kihema cha CHOO kinapiga makofi. KUNGURU anasogea hadi mlangoni mwa hema la mgeni na kuanza kuhangaika na zipu, kazi anayoiweza.)

DAFTARI: Mnanishambulia kana kwamba mimi ndiye niliyeanzisha. Watu wamepanda milima tangu zamani.

CHOO: Wamepanda, ndiyo. Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, mwaka 1887 alijaribu akarudi. Mwaka 1888 akaja tena, akakuta pwani imewaka. Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, akamkamata, akamtia minyororo, hadi alipolipiwa fedha. Mwaka 1889, Oktoba 6, akafika juu na Ludwig Purtscheller. Akakipa kilele jina la Kaiser Wilhelm, akaokota jiwe akampelekea Kaiser mwenyewe.

KUNGURU: Kweli hizi zawadi za safari hazijaanza leo.

CHOO: Na kambi ya juu nani aliyebaki nao kwenye baridi ile? Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa pwani, wa joto na nazi! Marangu nao wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa mwongozaji wao. Jina la Kaiser limefutika, la Meyer limo kila kitabu, na la Mwini Amani wewe unalisikia leo, tena kutoka kwa choo. Halafu usiku wa Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge, pakaitwa Uhuru. Nyirenda alipanda na jambo moja tu, na hata hilo halikuwa lake.

DAFTARI: Bosi pia anataka kuiona barafu kabla haijaisha. Hilo si jambo jema?

CHOO: Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha. Mnakuja kuiaga kama ndugu wa mjini wanaofika wodini, wakapiga picha na mgonjwa, wakaondoka na machungwa yake.

KUNGURU: Wakifika juu hata hawaitazami. Nimekaa pale. Wanapanga foleni kwenye kile kibao cha mbao, kila mtu na bango lake: la benki, la kanisa, la "heri ya kuzaliwa mpenzi". Dakika kumi za kibao, sekunde tano za barafu. Na tangu 2022 walipoweka intaneti pale Horombo, mita 3,720, swali la kwanza la mgeni si "maji yako wapi", ni "nenosiri ni lipi".

DAFTARI: Namba nane ni kambi ya chini ya Everest...

CHOO: Bora umeitaja. Tenzing na Hillary walifika kileleni mwaka 1953. Leo kibali cha kukipanda kilele hicho ni dola 15,000, hujalipa mwongozaji wala nauli. Mwaka 2014 barafu iliporomoka ikaua watu 16, wote Wanepali, wako kazini wanawaandalia njia wageni wenye listi. Mwaka 2019 picha ikazunguka dunia nzima: foleni ya watu chini ya kilele, mmoja nyuma ya mwenzake. Mtu anaondoka Mbagala kukimbia foleni!

DAFTARI: Wewe una wivu. Kila mtu ana haki ya kutembea. Au unataka Waafrika wabaki nyumbani, Wazungu peke yao ndio wapande?

CHOO: Hapo umesema neno, na sitalipita. Kila Desemba Watanzania wanapanda kuadhimisha Uhuru, wakulima, askari, wanafunzi, nami nawabebea kwa furaha. Kutembea si kosa. Mtu atembee akione alichokijia! Huyu wako ni mtoto wa Machame. Babu yake kazikwa Machame. Gari lilipita mbele ya kihamba chao, migomba inagusa kioo, wala hakushusha kioo. Alikuwa anachagua wimbo. Mgumu anayenibeba mimi na yeye wanatoka kata moja. Siku ya kwanza alimwamkia kwa Kimachame, kwa heshima zote, akajibiwa "poa braza". Anajua kimo cha daraja la Victoria Falls kwa mita, na hajui mfongo unaomwagilia shamba la babu yake unaanzia wapi. Unaanzia huku juu! Maji yale yanatoka msituni huku huku alikopita juzi akiwa na waya masikioni.

DAFTARI: Usipige kelele.

CHOO: Nitapiga. Nasema na nyie wote wenye madaftari. Mnakopa kwa jina la paa, mnachangisha harusi ya rafiki hamtoi, msiba mnatuma salamu, mkiulizwa mnasema "natafuta uzoefu". Uzoefu wa nini? Mtu anayejisaidia ndani ya kihema alichosimamishiwa na mwenzake, maji ya kunawa kapashiwa moto, asubuhi kaletewa chai kitandani, halafu anaandika kwamba amepambana na maumbile! Maumbile yako humu tumboni mwangu, na kuna kijana wa miaka ishirini na miwili anayashusha mgongoni hadi Mweka. Mwandike huyo!

KUNGURU: Nyamazeni. Wanashuka.

(Saa tatu na nusu. Nyayo kwenye changarawe. Mwongozaji anamwambia mpishi: "Watatu wamefika Uhuru. Wa nne tumemgeuzia pale Stella, chini ya kilele." Zipu inafunguka, mgeni anaingia kwa magoti, midomo imepasuka, koti la rangi ya machungwa limejaa vumbi. Analala kifudifudi. Baada ya muda anapapasa, anapata kalamu, anafungua ukurasa wa kwanza. Anaandika, anatia vema, analala na viatu.)

KUNGURU: Kaandika nini?

DAFTARI: ...

KUNGURU: Soma bwana.

DAFTARI: "Namba moja. Uhuru, mita 5,895."

KUNGURU: Stella si mita 5,756? Na cheti chake si tofauti?

CHOO: Stella ni mbali vya kutosha. Angeandika Stella, ningemvulia mfuniko.

DAFTARI: Kaandika kwa wino. Haufutiki. Mzee wangu, shikamoo.

CHOO: Marahaba.

DAFTARI: Hili jambo naomba libaki hapa hapa kambini.

CHOO: Ondoa shaka. Ya watu niliyoyabeba ni mazito kuliko hayo, na sijawahi kumwaga njiani.