Grafu Iliyomtetea Meneja

Mchana, wageni wa Paje hawana habari na intaneti. Kusi ikivuma wako majini na kaiti zao, simu zimefungiwa vyumbani. Jua likishazama ndipo balaa linapoanza: kila mmoja anataka kuwarushia jamaa zake video ya alivyoruka, na ruta ya hoteli haina pa kukimbilia.

Kwenye hoteli moja ndogo hapo kijijini, mapokezi wana daftari la malalamiko. "Saa 3 usiku, waifai imekufa." Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Meneja, mtu wa ushahidi, akamwita fundi amfungulie programu ya kufuatilia mtandao. Akatafuta 3:00. Mstari umelala chini kabisa.

"Fundi, hawa wageni wananionea tu. Saa tatu hapana hata mtu mmoja anayetumia!"

Kumbe seva iliachwa kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya Zanzibar kwa saa 3, na kompyuta haihesabu saa kuanzia macheo kama Waswahili. Ile 3:00 ilikuwa saa 12 alfajiri, wageni wanakoroma. Saa 3 usiku ya kwenye daftari ilikuwa imejificha kwenye 18:00. Fundi akaenda kurekebisha majira, akakuta orodha haina Zanzibar. Akachagua Dar es Salaam huku akisonya.

Sasa mlima wa usiku ukaonekana. Meneja akataka grafu ya mwaka mzima, amwoneshe mwenye hoteli ili walipie kasi zaidi. Ikafunguliwa, mlima haupo! Mwenye hoteli akaangalia, akauliza kwa upole kwa nini aongeze pesa kwa kitu ambacho theluthi mbili hakitumiki.

Hapo hakuna mchawi, kuna wastani. Mwaka 1995 Tobias Oetiker, akiwa De Montfort University huko Leicester, Uingereza, alitengeneza MRTG ili watu waone hali ya laini yao ya kilobiti 64 kwa sekunde. Programu hiyo hupima kila dakika 5, lakini faili lisivimbe, vipimo vya zamani huunganishwa: grafu ya wiki ni wastani wa dakika 30, ya mwezi saa 2, ya mwaka siku nzima. RRDtool, aliyoitoa mwaka 1999, iliurithi mtindo huo, na programu nyingi zikaufuata. Chukua laini ya Mbps 20 iliyojaa kwa saa 3 za usiku, na saa 21 zilizobaki inatumia 4 tu. Wastani wa siku ni 6. Kwenye grafu ya mwaka, ile kero ya kila usiku inakuwa mstari mtulivu usiozidi theluthi moja ya laini.

Ajabu ni kwamba misiba mikubwa haipotei. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na Tanzania ikayumba, shimo lake lilionekana hata kwenye picha ya mwaka. Kinachofutika ni shida ndogo ya kila siku, nayo ndiyo inayomuudhi mgeni.

Fundi akaongeza mstari wa kiwango cha juu kabisa. Nao una uongo wake: seva ikijinakili dakika chache usiku wa manane, siku nzima inaonekana imejaa pomoni, na meneja akapiga simu kwa hofu. Mistari yote miwili ikawekwa pamoja, kila mmoja na rangi yake. Kwa miezi iliyopita, hata hivyo, hapakuwa na la kufanya. Kilichokwisha kuunganishwa hakitenguliwi.

Basi wewe mwenye nyumba ya wageni, iwe Paje, Jambiani au Bwejuu, muulize fundi wako leo mambo mawili: grafu inafuata saa ya wapi, na je, inahifadhi kiwango cha juu au wastani peke yake?