Muulize Mjomba Spana: Mapenzi na Gari Lililo Juu ya Mawe

Safu hii huwahudumia wenye maumivu ya mapenzi, ilimradi mpenzi mwenyewe awe na magurudumu. Wiki hii karibu barua zote zimemhusu mmoja: Land Rover kuukuu, iliyowekwa uani juu ya mawe, ikisubiri mwenyewe apate hela, muda au akili. Hela sina. Muda ni wenu. Kilichobaki nakigawa hapa bure, na sibembelezi mtu.

Mjomba, shikamoo. Marehemu baba aliniachia Land Rover 109, Series III. Imekaa juu ya mawe huku Karatu tangu niko shule ya msingi, na kuku wanatagia ndani. Nimejikusanyia shilingi milioni tatu, na nimeshapatana na fundi rangi. Ananiuliza: kijani au krimu? Bodi yenyewe haina hata doa la kutu. Nichague ipi?
— *Mrithi, Karatu*

Marahaba, mpwa wangu. Bodi haina kutu kwa sababu haiwezi kuwa nayo. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, Uingereza bado ilikuwa inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ila aluminiamu ilipatikana. Kampuni ya Rover, kule Solihull, ikalivisha gari lake aluminiamu, na mtindo huo ukaendelea hadi Series III yako, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa hiyo unachokisifu ni shati. Mifupa iko chini, ni ya chuma, na chuma huoza.

Chasisi ya gari hilo ni boksi refu la mabati mazito yaliyochomelewa. Tope na maji huingia ndani yasitoke, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiona tundu, ujue mlo umekwisha. Chukua tochi na nyundo ndogo, lala chini, gonga taratibu: boriti ya nyuma kabisa, pale springi zinaposhikwa, na ile mikono inayobeba bodi ubavuni. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kukabwa, na pengine nyundo yako itaingia ndani. Ukimaliza, inua zulia utazame mahali pa kuwekea miguu, maana ukuta unaotenganisha injini na dereva nao ni chuma. Na popote aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, utakuta unga mweupe. Hicho si kinyesi cha kuku wako. Ni aluminiamu inaliwa.

Fundi wa kuchomelea akisema atabandika kiraka juu ya kiraka, muage kwa heshima. Akate mpaka afike kwenye chuma kizima. Kabla hajawasha mashine, nyaya za betri zichomolewe na tangi la mafuta lishushwe kabisa. Usiniambie ni tupu: tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Na yale mawe uliyorithi pamoja na gari yaondoke, yaje stendi za chuma au magogo mapana. Jiwe hupasuka bila kuaga, na jeki pekee haiaminiki kwa mtu aliyelala chini.

Hela yako ipange hivi: chasisi, breki, usukani, matairi, injini, umeme, viti. Ikibaki, niandikie tena kuhusu kijani na krimu.

Mjomba Spana, mimi ni mwenye nyumba lakini si mwenye mume. Kila jioni akitoka kazini anaingia chini ya Land Rover hadi isha. Gia boksi iko sebuleni, imefunikwa kitambaa changu cha kochi. Juzi nimekuta sufuria langu la pilau lina mafuta ya taa na nati. Nikiuliza gari litatembea lini, anajibu "bado kidogo". Hiyo "bado kidogo" ina miaka sasa. Nifanyeje?
— *Mke Mwenza, Moshi*

Mpwa wangu, tuanze na sufuria. Halirudi jikoni. Anunue jipya, na liwe kubwa kuliko hilo.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mumeo alifanya kosa la wengi: alifungua kila kitu siku ile alipokuwa na hamu. Kufungua ni rahisi na kunampa mtu sifa, majirani wanakuja kutazama. Kufunga ndiko kunakohitaji akili, kwa sababu kufikia wakati huo hamu imepungua na nati zimechanganyika. Gari la nyumbani hufunguliwa sehemu moja, hiyo ikatengenezwa na kufungwa, ndipo ikafuata nyingine. Kila fungu la nati na bolti liwe na kopo lake lenye jina, na kila kinachotoka kipigwe picha kwa simu kabla hakijatoka.

Mpe mtihani huu leo baada ya chakula, si kabla. Muulize: "Kesho unafanya nini kwenye gari?" Akijibu kwa sentensi moja, kwa mfano, "Nabadilisha mpira wa silinda ya gurudumu la nyuma kushoto," huyo ni fundi, mvumilie. Akianza kueleza mipango ya kwenda Serengeti na watoto, huyo hatengenezi gari. Amejificha huko chini, na wewe ndiye unayejua anakwepa nini.

Kuna dawa nyingine. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedeli na kuishikilia, mwingine yuko kwenye gurudumu anafungua nipeli upepo utoke, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi na mnaanza upya. Jitolee kuwa wa kwenye pedeli. Atalazimika kukuita, kukusikiliza na kukushukuru, kwa magurudumu yote manne. Ukitoka hapo mwambie gia boksi ina wiki moja ya kuhama sebuleni. Hatabisha; anajua breki zake ziko mguuni kwako.

Mjomba, shikamoo. Nina Land Rover 88 ya petroli, haiwaki. Fundi wangu anasema injini ya Mwingereza itupwe, tufunge dizeli ya Kijapani. Wazee wa kijiweni wanasema hiyo ni dhambi. Nimsikilize nani?
— *Njia Panda, Tabata*

Marahaba. Dhambi haimo. Magari mengi ya aina hiyo huku kwetu yanatembea kwa injini ambazo Solihull hawakuziota, na yamebeba harusi, misiba na magunia ya mahindi bila kulalamika. Swali langu ni lingine: fundi wako ameipima injini hiyo au ameichoka tu?

Injini hiyo ya sentimita za ujazo 2286 ni ya watu wavumilivu. Haina haraka, na hula petroli kwa adabu ndogo, lakini kufa kabisa ni kazi. Kabla hujaitoa, pima kompresheni ya kila silinda. Safisha pointi, badilisha kondensa, fungua kabureta utoe tope la miaka, angalia pampu ya mafuta kama inasukuma. Halafu tazama nyaya za plagi: moto wake unafuata 1-3-4-2, na injini inayodhaniwa imekufa wakati mwingine ni waya mbili tu zilizobadilishana nafasi. Kazi zote hizo ni rahisi kuliko kununua injini, ndiyo maana hukutajiwa.

Ikithibitika imekwisha, funga dizeli, ila kwanza ujue mambo matatu. Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari lazima ibadilishwe TRA, la sivyo utakuwa unaendesha kesi. Difu za Series ni za 4.7: propela shafti inazunguka karibu mara tano ili tairi lizunguke mara moja, kwa hiyo hata ukifunga injini ya ndege, gari hilo lilikusudiwa kwenda polepole, na ekseli za nyuma hazipendi dereva mwenye hasira. La tatu ndilo kubwa: breki zake ni za ngoma, magurudumu yote manne. Nguvu isizitangulie breki. Anayekuuzia mwendo kabla hajakagua breki anakuuzia safari ya upande mmoja.

Assalaam alaykum Mjomba. Mimi niko Muscat, kaka yangu yuko Tanga anatengeneza Land Rover ya mzee wetu. Nimemtumia boksi zima: nembo, taa, vioo, kava za viti, usukani wa ngozi. Badala ya shukrani kaniambia "hujaleta kitu". Si kukosa adabu huko?
— *Mtoaji, Muscat*

Waalaykumu salaam. Adabu anayo, kakupunguzia maneno. Umetuma harusi kabla ya posa.

Mtumie vitu visivyopendeza: mipira ya breki na silinda zake, oili sili, beringi za magurudumu, bushi za springi, gasketi, mkanda wa feni. Hakuna atakayevipiga picha, na bila hivyo gari halitoki getini. Halafu ongeza seti moja ya spana za inchi. Nati nyingi za gari hilo ni za inchi, na kaka yako bila shaka anatumia za milimita kama mafundi wengine wa mtaani. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7; spana namba 13 inaingia, inacheza kidogo, kisha inakula pembe zote. Baada ya hapo ni tindo na matusi. Seti hiyo ikifika Tanga, utasikia adabu uliyokuwa unaitafuta.

Usukani wa ngozi asiurudishe. Auhifadhi kabatini mpaka viungo vya usukani vitakapoacha kucheza.

Mjomba, jirani yangu anawasha Land Rover alfajiri, anaiacha inanguruma nusu saa. Moshi unaingia chumbani na mafuta yanachuruzika hadi kwenye mchicha wangu. Nimripoti?
— *Mwenye Mchicha, Morogoro*

Mripoti ukishindwa kumtibu. Tazama rangi ya moshi. Mweusi: injini inapewa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Wa buluu: inachoma oili. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto: maji yanaingia kwenye silinda, aangalie gasketi ya silinda hedi haraka. Mwandikie jibu kwenye karatasi, uibandike kwenye kioo cha gari. Atakuja kwako akidhani wewe ni fundi, na hapo ndipo mtapanga saa ya kuwasha. Chini ya injini aweke trei, oili iliyotoka ikusanywe kwenye dumu. Mchicha uliokwisha kunywa oili usiuze wala usile.

Mhariri, mimi ni mstaafu. Nimeendesha Land Rover za serikali katika barabara ambazo hazikuwa barabara. Sasa nimenunua Series IIA yangu mwenyewe. Wajukuu wanataka nifunge matairi mapana, taa kali juu ya paa na redio ya skrini. Je, nimepitwa na wakati?
— *Dereva wa Zamani, Iringa*

Shikamoo, mzee wangu. Hujapitwa, wao ndio hawajafika.

Gari hilo halina pawa stelingi. Tairi lake la asili ni jembamba na refu, linakata tope likatafuta ardhi ngumu. Waambie wafunge matairi mapana, kisha wao wenyewe wageuze gari kwenye uchochoro wenu asubuhi moja. Mjadala utaisha mabegani. Taa kali nazo zina mlo: kama Series IIA yako bado ina dinamo, haikutengenezwa kulisha paa zima, maana alteneta ilikuja na Series III. Na kabla redio haijagusa waya, waangalie betri. Katika magari mengi ya umri huo, waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Redio ya leo ikiunganishwa kwa mazoea itatoa moshi badala ya taarabu.

Wanachopaswa kukudai ni kingine. Wafundishe kirungu cha njano, cha kubonyeza ili magurudumu yote manne yavute, na kile chekundu, cha kuvutwa nyuma gari likiwa limesimama ili liingie gia za chini. Wafundishe kukanyaga klachi mara mbili, maana gia ya kwanza na ya pili za IIA hazimsamehe mwenye pupa. Spea zinaagizwa kutoka nje, mzee wangu. Mguu wako wa kushoto hauagizwi.

*Ilani kwa wasomaji: kuanzia toleo lijalo, barua inayouliza rangi iambatane na picha ya chasisi, iliyopigwa kutoka chini, na mkono wa mwandishi uonekane umeshika nyundo. Barua kutoka kwa wake, waume na majirani zitapokewa bila picha.*