Mafirauni wa Mezani

Wako Uingereza waungwana, watu wazima wenye kazi na heshima zao, ambao tangu mwandishi H. G. Wells alipochapisha mwaka 1913 kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni, wamejihalalishia kwa kitabu jambo ambalo watoto wao hukemewa kwalo. Na miongoni mwao hawapo mahodari kuliko waliojitwalia ufalme wa Misri ya kale, kila mmoja na Ramses wake wa milimita 28 na magari yake ya vita ya farasi wawili wawili, akikesha kwa miwani na burashi, akiishauri dhamiri yake kama ngao ya ngozi ya ng'ombe iwe na madoa meusi au ya hudhurungi. Vita wavipendavyo ni vile vya Kadesh, yapata mwaka 1274 kabla ya Masihi, ambako Firauni huyo alirejea pasina kuutwaa mji, kisha akajichora mshindi katika kuta za Luxor na Abu Simbel. Nao, dadu ikiwaendea kombo, husimulia kwa mwendo uo huo.

Wala mchezo si mpya, kwani Mesehti, liwali wa Asyut huko huko Misri, alizikwa yapata miaka 4,000 iliyopita pamoja na askari wake wa mti, Wamisri 40 wa mikuki na Wanubi 40 wa pinde, wote wamekwisha kupakwa rangi. Hapo ndipo alipowapita hawa wa leo, ambao sehemu kubwa ya jeshi lao ingali maboksini, kijivu tupu, na jingine limeagizwa, liko njiani, bibi wa nyumba hana habari.