Kanisa la Mai Mahiu na Shingo Zilizoinama

Mkazi wa mtaa wa Kimumu, Eldoret, anayekwenda Nairobi kwa barabara ya chini hupita ubavuni mwa kanisa dogo la mawe, juu kidogo ya Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano, walewale waliochonga barabara hiyo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Chini yake nyanda kame zimetandaa, Mlima Longonot ukizisimamia. Abiria wetu hana habari. Shingo imeinama kwenye simu, akilitazama kanisa la Sedona, Arizona, lililokamilika mwaka 1956 kwenye miamba myekundu, huku akiguna kwamba wenzetu wamejaliwa.

Atasema la Mai Mahiu ni dogo mno. Ni kweli, arusi ya Kimumu haingeingia humo hata kwa zamu. Ila kwenye kioo cha simu la Sedona nalo halizidi kiberiti. Atasema dereva ana haraka. Haraka gani hiyo inayoisha ghafla Nakuru harufu ya nyama choma ikipenya dirishani? Pingamizi lenye uzito ni kwamba hilo ni kumbukumbu ya vita vya wakoloni, halituhusu. Basi na barabara ni yao, mbona hatujaona mtu akishuka matatu kwa uchungu wa historia akaupanda mlima kwa miguu? Safari ijayo, ukishaiacha Mai Mahiu na gari likaanza kupanda, inua kichwa.