Mbali na Karibu Mjini Bangkok

Mgeni anayefika Bangkok, mji mkuu wa Thailand ambao wenyeji huuita Krung Thep, hugundua mapema kwamba adha yake ya kwanza haitokani na umbali bali na neno lenyewe la umbali, kwa kuwa Kithai ni lugha ya toni, yaani lugha ambayo kupanda au kushuka kwa sauti hubadili maana, na katika toni zake tano neno klai likitamkwa kwa sauti tambarare humaanisha mbali, ilhali likitamkwa kwa sauti inayoporomoka humaanisha karibu. Mswahili asiwacheke Wathai, maana naye ana barabara ya kupita magari na barabara ya kufanya jambo sawasawa, ambazo hutenganishwa na mkazo tu. Ila anayezichanganya hizo hatoki malengelenge miguuni.

Malengelenge hayo huanzia kwenye anwani. Vijia vinavyochipuka kutoka barabara kuu huitwa soi, navyo hupewa namba, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili, na katika barabara ndefu ya Sukhumvit kila upande huhesabu kivyake bila kumsubiri mwenzake, kiasi kwamba Soi 63 hutazamana na Soi 42. Mgeni anayeamini hesabu ya darasa la pili husimama penye Soi 41, akavuka barabara kwa ujasiri akiburuta sanduku, kisha akashangaa kutoiona Soi 42, ambayo kwa kweli iko mbele kiasi cha vituo viwili vya treni ya juu. Hapo humwuliza muuza matunda, naye humjibu kwa tabasamu: klai.

Asiyetaka kutembea anaweza kupanda tuk-tuk, ambayo Watanzania wataitambua kuwa ni bajaji iliyorembwa, lakini nauli ikiwa ndogo kupita kiasi afahamu kwamba safari hiyo hupitia kwanza duka la vito, ambalo humlipa dereva kwa kuponi za mafuta hata kama abiria hakununua kitu.

Njia inayostahili sifa zaidi ni ya majini. Mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa kati ya 1837 na 1840 katika utawala wa Mfalme Rama III, leo hupitisha boti za abiria zinazokwenda kwa kasi isiyolingana na wembamba wake, zikishusha paa penye madaraja mafupi huku kondakta aliyevaa kofia ngumu akitembea ukingoni na kudai nauli kana kwamba yuko sebuleni kwake. Mgeni hukimbilia kiti cha pembeni ili apige picha, asijue kwamba kiti hicho kina kazi: anayekikalia ndiye avutaye kamba ya kupandisha turubai kila boti nyingine inapopishana nayo, na akizubaa, maji ya mfereji, ambayo ni afadhali rangi yake isielezwe, huwafikia abiria wa safu nzima, nao humtazama kwa upole unaouma kuliko matusi.

Faraja pekee ya Mswahili ni saa. Katika mazungumzo ya kawaida Wathai huiita saa moja usiku nueng thum, yaani moja ya usiku, wakaendelea mbili, tatu, hadi tano, sawasawa na Mombasa au Tanga, naye mgeni huanza kujiona mwenyeji; lakini baada ya usiku wa manane hesabu huanza upya, saa saba yake ikawa moja tena, na aliyeahidiwa gari la kumpeleka hotelini saa hiyo huwa amekwisha simama kando ya barabara tangu magharibi. Treni zikiwa zimelala, husimamisha teksi, akaonyesha anwani na kuuliza kama ni mbali. Dereva huisoma kwa makini, akatafakari, kisha akajibu kwa neno moja.