Heko kwa Gurudumu la Nne

Washairi wetu wamesifu majahazi na minazi. Gurudumu la nne la kigari cha plastiki, lile linaloning'inia hewani wenzake watatu wakiwa wamekwisha kutua mezani, halijapata hata ubeti mmoja. Leo na lisifiwe.

Nasema vile vigari vinavyouzwa vipande vipande sandukuni, uviunganishe mwenyewe kwa gundi. Kwa kipimo cha 1 kwa 24, Porsche 911 ya mita 4.3 hubaki sentimita 18 hivi. Miaka ya 1970 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilinunua Porsche ya kweli na kuifungua yote ili ipate vipimo sahihi. Heshima yote hiyo, na bado gurudumu likikataa kukaa, limekataa!

Halihongeki. Bodi yenye mkwaruzo utaipiga msasa na rangi, hakuna atakayejua. Gurudumu likiinuka milimita moja tu, hiyo ni sentimita 2.4 kwenye gari halisi. Hata dereva wa daladala angeshuka kutazama.

Tena lina elimu. Mafiga matatu hayayumbi popote uyatege, maana nukta tatu daima hukaa kwenye bapa moja. Ya nne ndiyo yenye maswali. Kigari kingekuwa bajaji, tusingejua kamwe kwamba chesi imejikunja.

Mgeni wa kazi hii halielewi. Huchukua tupa akalinyoa gurudumu la jirani, kisha la upande wa pili, mpaka gari limelala kifudifudi. Masikini, amewaadhibu wasio na kosa! Gurudumu lilikuwa shahidi tu. Mhalifu ni ekseli isiyoingia tunduni sawasawa, au gundi iliyokauka gari likiwa limeegemea kopo la rangi, au chesi iliyopinda toka kiwandani. Chesi ya namna hiyo huchovywa kwenye maji ya moto yasiyochemka, ikanyooshwa polepole, kisha ikabanwa juu ya kioo bapa hadi ipoe. Ekseli nayo ijaribiwe kwanza pasipo gundi, na inapogundishwa, magurudumu yote manne yawe yamesimama juu ya kioo hicho hicho. Anayekimbilia supagluu ili amalize usiku huo huo ataamka akute mvuke wake umeacha ukungu mweupe kwenye madirisha, na gurudumu bado liko juu. Mimi hapo naliona lina haki kabisa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukialikwa kwa mjenzi wa vigari, sifu rangi, sifu taa, sifu hata vifutio vya mvua vilivyo vyembamba kama nywele. Ila tafadhali, usibonyeze kona ya gari kwa kidole.