Vifaa Sita vya Kuamsha Mkono, na Kuka Asiyeridhika

Kiharusi kikimwangusha mtu huku Sirisia, Kaunti ya Bungoma, mara nyingi mguu ndio hutangulia kurudi. Mkono hubaki umegoma. Kuuvunja mgomo huo ni kazi ya mtaalamu wa tibakazi, yule anayeitwa OT hospitalini. Haulizi sana bega limepanda kiasi gani. Anauliza kama umefunga kifungo cha shati na kumega ugali. Dunia inazidi kumtengenezea vifaa, basi tuhesabu kurudi nyuma, tukianza na kilicho mbali zaidi na huku kwetu. Tunaye kuka, babu wa kubuni, ila mdomo wake mnaujua.

6. Waya wa shingoni. Agosti 2021 Marekani iliidhinisha Vivistim, kwa kiharusi cha mshipa kuziba. Kifaa hupandikizwa kifuani, waya ukaunganishwa na neva ya vagasi shingoni. Mgonjwa akijitahidi kushika kikombe, mtaalamu anabonyeza, neva inasisimuliwa, ubongo unaambiwa: hapo hapo, shika hilo.
Kuka: "Yaani mtoto wa watu ananibonyeza kama redio?"
Ndiyo, kuka.
"Na stima ikipotea?"

5. Kofia ya kusoma nia. IpsiHand, iliyoruhusiwa Marekani Aprili 2021, hunasa mawimbi ya ubongo na kuamuru kifaa cha mkononi kifungue vidole. Kuka hana neno, ila anaomba isisome zaidi ya vidole. Kukhu, mkewe, yuko karibu.

4. Roboti. Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 770, na matokeo ya 2019 yakaonyesha kuwa mkono uliofunzwa na roboti haukufanya kazi vizuri kuliko wa waliopata huduma ya kawaida. Mashine ya kununua nusu ya soko la Chwele, na bado sare!

3. Michezo ya video. Hapa kuka alivuta kiti. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 141: wengine walichezeshwa Wii, wengine wakapewa karata na domino, wote juu ya tiba yao ya kawaida. Wii haikushinda. Waliotumia muda huo wakibwaga karata walipata nafuu sawasawa.
Kuka: "Miaka yote mnaniita mvivu, kumbe niko kliniki!"
Ana hoja. Tazama ajua, yaani mchezo wa bao: kidole gumba na cha shahada vinabana kokwa, mkono unahama, vidole vinaachia moja tu, kisha shimo linalofuata, na mpinzani anakuharakisha kwa kelele. Ndicho kinachotakiwa, kurudiarudia bila kuchoka roho. Lakini karata za kivulini, kuka, ni za mkono mgonjwa. Huo mzima ukalie.

2. Kioo. Mtaalamu wa ubongo Ramachandran alikitumia miaka ya 1990 kwa waliokatwa mikono, na 1999 kikajaribiwa kwa kiharusi. Kisimamishe katikati ya meza, mkono mgonjwa ukae nyuma yake, uchezeshe mzima huku ukitazama kioo. Macho yanaapa kwamba yote miwili inacheza.
Kukhu: "Kioo kirudi ukutani kabla ya kanisa."

1. Soksi na simu. Mkono mzima unavishwa glovu nene ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Utafiti wa Marekani wa 2006, wagonjwa 222, ulifanya hivyo kwa wiki mbili, glovu ikivaliwa karibu muda wote wa kuwa macho, na mazoezi mazito juu yake. Mkono uliamka. Sharti ni kwamba vidole viwe vinaweza kufunguka japo kidogo, na OT ndiye wa kuamua. Usivae ukibeba uji wa moto wala ukiwa juu ya boda. Kwetu soksi nene inatosha, na simu ya video inampunguzia mgonjwa safari za matatu hadi Bungoma mjini: OT anamwona akichambua maharagwe na kumkemea papo hapo.
Kuka: "Na kushika mrija wa pombe ya busaa, si shughuli?"
OT ataukubali mrija. Daktari wa presha ataukataa mtungi.